Kumsaidia Mwanao Kununua Nyumba Uingereza: Kodi, Tarehe na Karatasi

Mzazi akimpa mwanawe mtu mzima pauni 50,000 akanunulie nyumba Uingereza, siku hiyo hakuna anayedaiwa kodi. Aliyetoa hadaiwi kwa kutoa, aliyepokea hadaiwi kwa kupokea, na fedha hizo haziingii kwenye hesabu ya mapato ya mtoto. Inafaa kulisema hili kabla ya mengine yote, maana wazazi wengi wa kwetu waliohamia huko, wauguzi, madereva, wenye maduka, ambao watoto wao sasa wanahangaika na bei za nyumba, wanaogopa kodi ambayo haipo. Kwa hofu hiyo wanapita vichochoroni: wanatoa noti mkononi, wanaandikisha nyumba kwa jina lao ili wamshikie mtoto, au wanauita mkopo zawadi. Kodi ya kweli huwangoja huko huko vichochoroni.

Takwimu zilizomo humu ni za mwaka wa kodi ulioanza 6 Aprili 2025 na kuishia 5 Aprili 2026.

Kodi inayokuhusu wewe mzazi ni kodi ya mirathi, na hesabu yake hupigwa ukishafariki. Ni asilimia 40 ya mali inayozidi pauni 325,000, kiwango ambacho hakijaongezwa tangu Aprili 2009. Anayewaachia watoto au wajukuu nyumba aliyokuwa akiishi huongezewa nafasi ya pauni 175,000. Mume na mke huachiana mali bila kodi, na nafasi ambayo aliyetangulia hakuitumia humfuata aliyebaki. Ndiyo maana wawili wenye nyumba yao wanaweza kuwaachia watoto hadi pauni milioni moja na kodi isidaiwe. Kabla hujaanza kukosa usingizi, jumlisha kwanza mali yako yote. Huenda ukakuta huna kodi ya mirathi ya kuogopa hata kidogo, na kilichobaki kwako ni kumsaidia mtoto bila kumharibia ushuru wake wa ununuzi, jambo nitakalolifikia.

Hata hivyo, mume na mke wanaotajwa hapa ni wale wanaotambuliwa na sheria ya Uingereza. Nikahi iliyofungwa Mombasa au Zanzibar kwa kufuata sheria za huko inatambuliwa. Nikahi iliyofungwa sebuleni London au msikitini Leicester bila kusajiliwa serikalini haitambuliwi, hata kama mmeishi pamoja miaka 30 na mna wajukuu. Aliyebaki atahesabiwa kama mgeni kwa marehemu. Kama ndoa yenu iko hivyo, nendeni mkaisajili kabla ya kufikiria kumpa mtoto chochote. Hakuna hatua nyingine katika mwongozo huu inayookoa fedha nyingi kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye miaka saba, inayozungumzwa sana na kueleweka kidogo. Fedha ulizompa mtoto hutoka kabisa kwenye mali yako ukiishi miaka saba baada ya kuzitoa. Ukifariki kabla ya hapo, zinarudishwa kwenye hesabu. Wengi wanaamini kwamba kodi ya zawadi hushuka polepole kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo aliyefika mwaka wa tano ameshaokoa sehemu kubwa. Punguzo hilo lipo kweli. Kiwango hushuka kutoka 40 hadi asilimia 32 ukishapita miaka mitatu, kisha 24, kisha 16, na katika mwaka wa saba ni asilimia 8. Ila punguzo hilo linahusu kodi ya zawadi zilizozidi pauni 325,000 tu. Ni wazazi wangapi wa kwetu wanaotoa kiasi hicho?

Chukua mama aliyelea watoto peke yake na hakuwahi kuolewa, akampa bintiye pauni 60,000. Pauni 6,000 kati ya hizo zinaweza kutoka bila masharti, kwa sababu nitakayoieleza punde, zikabaki 54,000. Akifariki katika mwaka wa tano, hizo 54,000 ndizo za kwanza kula nafasi yake ya 325,000. Zawadi yenyewe haitozwi kitu, kwa hiyo hakuna cha kupunguziwa. Ila nafasi iliyobaki kwa mali yake nyingine ni 271,000, na kama mali hiyo ni kubwa, warithi watalipa hadi pauni 21,600 zaidi ya ambazo wangelipa kama angeikamilisha miaka saba. Bado lakini hakupata hasara kwa kutoa. Asingetoa, fedha zile zile zingekutwa kwenye mali yake na kutozwa vile vile. Kwa hiyo kuihofia miaka saba si sababu ya kukaa na fedha. Aliye na uwezo na amekwisha kuamua, atoe mapema.

Zipo zawadi ambazo hazingoji miaka yoyote. Kila mtu anaruhusiwa kutoa pauni 3,000 kwa mwaka wa kodi, na kama mwaka uliopita hakutoa, anaweza kuutumia na ule, jumla 6,000. Nafasi hii ni ya mtoaji, si ya kila mtoto. Mwenye watoto watatu hana 9,000. Ndoa nayo ina nafasi yake: kila mzazi anaweza kumpa mtoto anayeoa au kuolewa pauni 5,000, juu ya zile za kila mwaka. Baba na mama ambao mwaka uliopita hawakutoa kitu wanaweza basi kumpa bwana au bibi harusi pauni 22,000 bila kuhesabu miaka. Masharti ni kwamba fedha zitolewe siku ya ndoa au muda mfupi kabla yake, ndoa ifungwe kweli, na iwe ndoa ya kisheria. Nawaomba wenye kamati za harusi wayasome maneno haya pamoja na bajeti ya ukumbi. Fedha za usiku mmoja wa mapambo mara nyingi zingetosha kuwa sehemu nzuri ya malipo ya awali ya nyumba ya maharusi wenyewe.

Nafasi ya tatu ndiyo bora kwa mzazi anayefanya kazi au mwenye pensheni nzuri, na ndiyo inayosahaulika. Fedha unazotoa kwa kawaida yako, kutoka kwenye mapato yako na wala si akiba, bila kupunguza maisha uliyoyazoea, haziingii kwenye kodi ya mirathi kamwe. Hakuna kikomo cha kiasi. Mzazi anayemtumia mwanawe pauni 400 kila mwezi zimsaidie mkopo wa nyumba anaweza kufanya hivyo miaka 15, akifariki kesho yake hakuna kinachorudishwa. Tatizo ni ushahidi. Wewe hutakuwepo, atakayeulizwa ni msimamizi wa mirathi, kwenye fomu iitwayo IHT403. Fomu hiyo ina jedwali la mwaka baada ya mwaka: mshahara, pensheni na mapato mengine upande mmoja, upande wa pili mkopo wa nyumba, bili, bima, chakula, usafiri, likizo, mwisho, kilichobaki. Zile pauni unazomtumia mama yako Tanga kila mwezi nazo ni lazima zihesabiwe, na wengi huzisahau. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi weka daftari. Andika tarehe, kiasi, akaunti iliyotoka, jina la aliyepokea na sababu. Siku unapoanza, muandikie mtoto barua fupi au hata ujumbe kwamba unakusudia kumsaidia kiasi hiki kila mwezi. Barua hiyo inaonyesha kuwa ni desturi uliyoianza kwa makusudi tangu malipo ya kwanza.

Kwa wenye subira, kijana wa miaka 18 hadi 39 anaweza kufungua akaunti ya Lifetime ISA. Ukimpa pauni 4,000 kwa mwaka aziweke humo, serikali inaongeza 1,000. Akaunti iwe imepita miezi 12, nyumba isizidi pauni 450,000, na iwe ya kwanza maishani mwake. Akizitoa kwa sababu nyingine kabla ya miaka 60, anakatwa asilimia 25, yaani anapoteza nyongeza yote pamoja na kidogo cha kwake.

Ukishatoa, achia. Wazee wa pwani wanajua kwamba hiba haijatimia mpaka ikabidhiwe, na watoza kodi wa Uingereza wanalitazama jambo hilo hilo kwa macho makali. Mzazi anayemwandikia mtoto nyumba yake kisha akaendelea kuishi humo bila kulipa kodi ya pango ya soko, kwao hajatoa kitu, hata ikipita miaka 20. Kwa fedha taslimu mtego ni mwingine, nao unazigusa familia zetu kuliko za wenyeji, kwa kuwa kwetu mama kuhamia kwa mtoto ni jambo la kheri. Ukimpa mwanao fedha akanunua nyumba, nawe ukahamia humo kabla ya miaka saba kupita, unaweza kutozwa kodi ya mapato kila mwaka kwa faida ya kukaa ndani ya mali iliyonunuliwa kwa fedha zako. Hesabu inakwenda kwa sehemu uliyochangia. Ulitoa 60,000 katika nyumba ya 400,000 ambayo ingepangishwa kwa 24,000 kwa mwaka: sehemu yako ni asilimia 15, yaani 3,600, na kwa kuwa haizidi 5,000, hutozwi. Ulitoa 200,000 katika nyumba hiyo hiyo: sehemu yako ni 12,000, na zote zinaingia kwenye mapato yako. Kuja wiki mbili kumlea mjukuu si kuhamia. Aliyeuza nyumba yake yote ili anunue kubwa pamoja na mtoto na wakae wote asitegemee maneno ya jarida. Amwone mshauri wa kodi kabla hajasaini.

Nyumba hainunuliwi bila ushuru wa stempu, na hapa ndipo mapenzi ya mzazi humgharimu mtoto fedha nyingi. Nazungumzia England na Ireland ya Kaskazini, maana Uskoti na Wales wana ushuru wao wenye viwango tofauti. Anayenunua nyumba ya kwanza maishani halipi kitu hadi pauni 300,000, na hulipa asilimia 5 ya kinachozidi hapo mradi bei isivuke 500,000. Kwa nyumba ya 400,000 anadaiwa 5,000. Sasa mzazi mwenye nyumba yake anasema, "Niandikeni na mimi kwenye hati, fedha zangu zimo." Msamaha wa nyumba ya kwanza unaanguka, kwa kuwa ni lazima wanunuzi wote wawe wa mara ya kwanza. Juu yake inakuja nyongeza ya asilimia 5 ya bei yote kwa mwenye nyumba zaidi ya moja. Ushuru unakuwa 10,000 na nyongeza 20,000, jumla 30,000. Jina moja kwenye karatasi limekula pauni 25,000. Mzazi anayeishi nje ya Uingereza akiingia kwenye hati, inaongezeka asilimia 2 nyingine. Kama shida ni kwamba mshahara wa mtoto hautoshi mkopo, zipo benki zinazokubali mzazi awe mdaiwa pamoja naye bila kuwa mmiliki. Uliza hilo waziwazi kwa dalali wa mikopo.

Lipo la ndani zaidi, na ningependa kila mzazi wa Afrika Mashariki alisome mara mbili. Sheria inasema nyumba ya kwanza popote duniani. Baba aliyejenga Kigamboni au Nyali akaandikisha nyumba kwa jina la binti aliyeko Reading, kwa nia njema kabisa, amemwondolea binti huyo msamaha wa nyumba ya kwanza Uingereza na haki ya kutumia nyongeza ya Lifetime ISA. Vivyo hivyo aliyerithi sehemu ya nyumba ya bibi, hata kama hajawahi kulala humo usiku mmoja. Na kama sehemu yake huko ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, huenda akatozwa na ile nyongeza ya asilimia 5. Kiwanja kisicho na jengo hakina shida hiyo, nyumba inayo. Mtoto akikusudia kununua Uingereza, nyumba ya nyumbani ibaki kwa jina lako mpaka anunue, na usimwache asaini tamko la mnunuzi wa mara ya kwanza kabla hujakumbuka kila hati iliyowahi kuandikwa jina lake. Tamko hilo likiwa la uongo, hata kwa kutojua, anayefuatwa ni yeye.

Karatasi sasa. Wakili wa ununuzi na benki ya mkopo watataka barua ya zawadi. Iwe na jina na anwani yako, uhusiano wako na mnunuzi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, anwani ya nyumba inayonunuliwa, na kauli tatu zisizokosekana: kwamba hii ni zawadi na si mkopo, kwamba hudai sehemu yoyote ya nyumba, na kwamba hukuwa umefilisika ulipoitoa. Saini na tarehe. Pamoja nayo huombwa pasipoti na taarifa za benki za miezi kadhaa, mara nyingi mitatu hadi sita, zinazoonyesha fedha zilivyopatikana. Kinachowakwaza watu wetu ni mchango. Mjomba katoa 5,000, shangazi 3,000, kikundi cha kuweka na kukopa kimetoa zamu ya mama, na zote zimeingia akaunti ya mama wiki moja kabla. Wakili ataona kila mstari na kuuliza kila jina. Usifiche. Kila mchangiaji aandike barua yake na aonyeshe taarifa yake ya benki, na kikundi kitoe barua yenye orodha ya zamu na saini za viongozi. Benki nyingine hukubali zawadi za ndugu wa karibu tu, kwa hiyo dalali ajue mapema fedha ni za nani. Noti zilizowekwa benki kwa mkupuo ndizo ngumu kuliko zote kueleza, na ununuzi huweza kuvunjika kwa ajili yake.

Kama fedha zinatokana na kuuza shamba au nyumba huku Afrika Mashariki, tunza mkataba wa mauzo, hati iliyohamishwa, risiti za kodi za huko na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zilipoingia, zote zikiwa na tafsiri ya Kiingereza pale zilipoandikwa kwa Kiswahili. Mzazi ambaye hakuwahi kuhamia Uingereza hafikiwi na kodi yake ya mirathi isipokuwa kwa mali iliyopo Uingereza. Kwa hiyo fedha zitoke akaunti yake ya Dar es Salaam au Nairobi zikiwa zawadi kwa mtoto, badala ya kufungua kwanza akaunti ya pauni London kwa jina lake mwenyewe na kutolea humo. Fedha zilizomo kwenye akaunti ya London ni mali ya Uingereza, na miaka saba inaanza kumhusu. Anayeuza nyumba ya pili iliyoko Uingereza naye akumbuke kodi ya faida ya mtaji, asilimia 18 au 24, inayotakiwa kuripotiwa na kulipwa ndani ya siku 60 baada ya mauzo kukamilika.

Wengine hupendelea mkopo usio na riba. Ni halali na ni wema, lakini deni ulilokopesha linabaki kuwa mali yako mpaka lilipwe au ulisamehe, na benki italihesabu kwenye madeni ya mtoto. Ukiuita zawadi mbele ya benki huku nyumbani mnajua ni mkopo, mtoto amedanganya ili apate mkopo wa nyumba. Chagueni kimoja. Na kama hofu yako ni ndoa ya mtoto kuvunjika, mwambie yeye na mwenzake waandikishe kwa wakili tamko la nani ana sehemu gani. Hilo ni lao na halikurudishi wewe kwenye umiliki.

Usitoe kinachokulisha uzeeni. Halmashauri inayogharimia matunzo ya wazee England huangalia kama mzee aligawa fedha ili aonekane hana, na hapo miaka saba haina kazi. Inaweza kukuhesabia fedha ulizogawa kana kwamba bado unazo.

La mwisho ni kwa wanaojiandaa kurudi. Tangu 6 Aprili 2025 Uingereza huihesabu mali ya mtu popote duniani, nyumba ya Tanga ikiwemo, akiwa ameishi huko miaka 10 kati ya 20 iliyopita. Ukiondoka, hesabu hiyo inakufuata: miaka mitatu kwa aliyeishi 10 hadi 13, ikiongezeka mwaka kwa mwaka hadi miaka 10 kwa aliyeishi 20. Muuguzi aliyefanya kazi tangu 2001 na anayetaka kustaafu Pemba mwakani hapati unafuu wa haraka kwa kungoja afike kwanza ndipo amtumie mwanawe fedha. Akimpa sasa, na barua ikaandikwa, miaka yake saba imeshaanza kuhesabiwa.